Jina Lisilochapwa

Mwanamke aliyesahihisha kila neno la jarida la Ndaga, kuanzia tangazo la mbolea hadi mahubiri ya mchungaji, hakuweza kulitamka wala kuliandika jina la mwanawe wa pekee. Si kwamba alilisahau. Alikatazwa na mila. Najua wengine wenu mtasema hilo ni jambo la kawaida, na wengine mtasema ni upuuzi. Nawaomba nyote mtulie kwanza, maana mimi Tausi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, na mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Duka langu liko Bagamoyo. Siyo ile ya pwani, ni kata yetu hapa Tukuyu mjini, na maji tuliyo nayo ni ya mvua, hayo tunayo hadi ya kugawa. Nauza kanga, madaftari, betri na dawa ya panya. Chumba cha nyuma nilimpangisha Ackson, mwalimu aliyechoka na chaki, miaka ile serikali ilipolegeza kamba na kila mwenye kalamu akajiona mhariri. Alianzisha jarida la kila mwezi akaliita Ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa. Liliandika bei za kahawa na chai, magonjwa ya migomba, harusi na misiba. Lakini watu walilifungua kuanzia nyuma, kwa sababu ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa kisemacho Tunatafutana.

Zilikuwa zama za kuondoka. Soko lilikuwa huria, na vijana nao wakajiona huria. Waliondoka Rungwe kwenda Zambia, Mererani, Dar es Salaam, na wengine walivuka mpaka wa Malawi wakateremka hadi Afrika Kusini, wakapotelea huko. Mama zao walileta picha kwa Ackson, naye alizichapa na maneno mawili matatu chini yake.

Tupokigwe alikuja na picha ya namna hiyo mwaka tisini na saba. Alitoka Ikuti kwa miguu, mvua imemlowesha mpaka mifupa, picha ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuificha kifuani. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ndogo. Ackson alimuuliza jina la kijana.

"Tata," akajibu.

"Jina kamili, mama."

"Andika Tata, mwalimu. Yeye anajua na mimi najua."

Ackson akaandika Tata. Nani atabishana na mama aliyelowa? Tangu siku hiyo sote tukamwita Mama Tata. Tata kwa Kinyakyusa ni baba, kwa hiyo nilimtania kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Rungwe nzima aliyemzaa baba yake. Alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, kwa mtu mwenye mzigo kama wake.

Mengine niliyajua kidogo kidogo, na mengine niliyajua kwa kuchelewa, lakini ninyi nawapa yote kwa mpigo. Wanyakyusa wana heshima wanayoiita kutila. Mke hamtazami baba mkwe usoni, hakutani naye njiani, na jina lake halitaji, awe hai au amekufa. Tupokigwe alinisimulia jinsi, akiwa bado bibi harusi, alivyosikia kikohozi cha mkwewe njiani akajirusha na mtungi wake katikati ya michai. Alitoka humo amechubuka mikono, na mtungi umebaki shingo. Hata maneno yaliyofanana na jina la mkwe aliyakwepa. Neno "pindua" lilimshinda kabisa. Kwake kurasa ziligeuzwa, chapati ziligeuzwa, na serikali zikipinduliwa huko duniani ilibidi Ackson asahihishe habari hiyo mwenyewe.

Mkwe huyo aliitwa Ambindwile Mwasomola, na ndani ya jina hilo unaisikia pindua. Tupokigwe alipojifungua mtoto wa kiume, ukoo ulifurahi, ukampa mtoto jina la babu yake, Ambindwile Mwasomola, na kwa jina hilo akabatizwa. Heshima kubwa hiyo. Lakini mama akabaki na mtoto asiyeweza kumwita. Akamwita Tata tangu titini, na majirani wakaitikia hivyohivyo. Mimi hilo la jina moja hakuniambia. Angeniambiaje? Kuniambia ni kulitaja.

Kijana alikua, baba yake akafa, akabaki yeye na babu. Kisha bei ya kahawa ikaanguka, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, leo bei hii kesho ile, na vijana wakaanza kuitazama mibuni kwa jicho baya. Siku moja babu alikwenda msibani Kyela. Tata akashika jembe na panga, akang'oa mibuni yote ya mzee ili apande migomba, kwa sababu ndizi zilikuwa na malori yanayozisubiri barabarani. Labda alikuwa na akili ya biashara, sikatai. Lakini mibuni ile mzee aliipanda akiwa kijana, na mjukuu hakumuuliza.

Mzee aliporudi aliukusanya ukoo. "Mwenye jina langu ameninyoa nikiwa hai," akasema. "Aende. Asikanyage hapa mpaka tumwite kwa jina." Tupokigwe aliyasikia akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni, maana hakuweza kutokea mbele ya mkwewe kumwombea mwanawe. Kesho yake asubuhi kijana alikuwa ameshaondoka, na hakuwahi kuandika.

Ndiyo maana alikuja kwetu. Na kila mwezi alirudi kuangalia kama ukurasa umetoka, akikaa kwenye benchi langu, na akiona neno limekosewa anamwonyesha Ackson kwa adabu. Mwisho Ackson akampa kiti na kalamu nyekundu. Alikuwa na elimu ya darasa la saba na miaka mingi ya kufundisha watoto wa kanisani. Jicho lake halikupitwa na nukta. Ukurasa wa Tunatafutana ukawa wake. Niliona watoto wa watu wakirudi: yule wa Masoko alipatikana Kitwe, yule binti wa Kandete alipatikana Songea na watoto mapacha. Mama zao walikuja na mikungu ya ndizi kumshukuru. Alizipokea, akawagawia majirani, kisha akakaa chini kuandaa tangazo la mwezi unaofuata, na kwenye pembe ya ukurasa, kila mwezi, picha ya Tata.

Mzee Mwasomola alifariki mwaka elfu mbili na nne. Kabla hajakata roho alimtuma mtu kwa Tupokigwe juu ya mjukuu wake. "Mwambieni mama yake amwite," alisema. Tupokigwe alikuja kazini siku ya nne baada ya mazishi, macho yamevimba lakini uso unang'aa. "Dada Tausi," akaniambia, "amesamehewa! Mzee ameniachia mimi nimwite." Tangu hapo tangazo lilibadilika. Halikusema tena tunamtafuta. Lilisema: Tata, njoo. Umeitwa. Ni mimi mama yako.

Sasa Ackson na mtandao wake. Mwaka elfu mbili na saba Ndaga lilikuwa linakufa. Nakala zilirudi bila kuuzwa, zikajaa stoo yangu, panya wakafanya sherehe. Ackson alikwenda Mbeya kwenye semina ya siku mbili akarudi na maneno mapya kinywani.

"Mama Muddy," akaniambia, maana mwanangu ni Muddy, "wasomaji wetu hawajaisha. Wamehama. Wako Dar, wako Lusaka, wako London. Jarida lazima lihame liwafuate."

Nilimcheka. Nilimwambia jarida halina miguu. Lakini lazima niseme ukweli, hata kama napenda kumsema: Ackson aliona mbali. Aliweka Ndaga kwenye mtandao, na habari za misiba na harusi zikawa zinatoka kila wiki badala ya kusubiri mwezi. Watu wa Rungwe walioko mbali wakaanza kusoma kwenye kompyuta, na baadaye kwenye simu. Vyama vya wazawa huko Dar vikaleta matangazo, wenye mabasi wakaleta matangazo. Na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, jarida la karatasi nalo likafufuka, kwa sababu mtu aliyesoma bure akiwa ughaibuni alimlipia mama yake nakala za mwaka mzima, apate cha kusoma kijijini. "Karatasi na mtandao ni mume na mke," Ackson alisema, na panya wangu wakahama.

Kwenye mtandao ule, picha hazikuwepo. Ackson alieleza kwamba picha ni nzito. Mtu wa Durban anayelipia dakika zake kwenye chumba cha intaneti hatasubiri sura ya mtu ifunguke taratibu kutoka paji la uso mpaka kidevu. Atafunga, ataondoka. Kwa hiyo matangazo ya Tunatafutana yaliingizwa maneno tu, na juu ya ukurasa likawekwa sanduku dogo la kutafutia.

Nakumbuka Tupokigwe alivyosimama nyuma ya kiti cha Ackson, mikono ameifunga ndani ya kanga, anatazama kioo cha kompyuta.

"Bila sura watajuanaje, mwalimu?"

"Kwa jina, Mama Tata! Mtu anaandika jina lake humu, anabonyeza, na kila tulichowahi kuandika juu yake kinakuja. Miaka yote. Huhitaji kuchambua kurasa."

"Na asiye na jina?"

"Nani hana jina?" Ackson akacheka, na mimi nikacheka.

Tupokigwe alikaa kwenye kiti chake, akaandika tangazo lake kama siku zote. Tata, njoo. Umeitwa. Nilimuuliza jioni ile, tukifunga mlango, kwa nini asiweke jina la shule la kijana, maana Tata ni wengi. Alinitazama kwa upole. "Anajua ninavyomwita," akasema. "Mtoto hasahau mama yake anavyomwita." Nikaona ana haki.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Wasomaji wakaongezeka, Ackson akanenepa shingo, na Tupokigwe akaanza kuvaa miwani. Kila mara simu ya ofisi ilipolia aliacha kalamu, akasikiliza kwanza kama ni yake.

Mtu mmoja, Obed, alifika siku ya soko, asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mwenyeji wa Kiwira, lakini alivaa koti la ugenini na begi kubwa begani. Aliingia dukani kwangu akauliza ofisi ya Ndaga. Nilimwonyesha chumba cha nyuma, na kwa kuwa mimi sijui kukaa mbali na habari, nikamfuata. Ackson alikuwepo. Tupokigwe alikuwa kwenye meza yake karibu na dirisha.

"Shikamooni," Obed akasema. "Samahani. Naulizia nyumba ya Ambindwile Mwasomola wa Ikuti."

Tupokigwe aliposikia jina la mkwewe likitajwa mbele yake na mgeni, alifanya alichofanya siku zote. Alivuta kanga akajifunika uso.

"Umechelewa, baba," nikamjibu mimi. "Mzee Mwasomola alishafariki. Miaka sita sasa."

Obed akatikisa kichwa. "Simzungumzii mzee, mama. Namzungumzia Ambindwile kijana. Nimeishi naye Durban. Nimemzika mwezi uliopita, kifua kilimsumbua muda mrefu. Nimekuja kuwaambia kwao."

Nilimtazama Ackson na Ackson akanitazama. Hakuna kati yetu aliyeelewa bado. Nilikuwa nafungua kinywa niulize Ambindwile kijana ni yupi, ndipo nikaona kanga. Ilikuwa inatetemeka. Tupokigwe alikuwa amejifunika kwa heshima ya mkwe, na humohumo ndani ya kanga amefikiwa na msiba wa mwanawe, na hakujifunua. Nikaelewa yote kwa mara moja. Nilimkimbilia nikamshika mabega, nikahisi anavyokosa pumzi.

Tulimlaza kwenye mkeka. Obed alikuwa amepiga magoti, analia, anaomba radhi, hakujua, angejuaje? Mila inasema habari kama hiyo hupelekwa kwa wazee kwanza, mama akashikwe na watu ndipo aambiwe. Alidhani anauliza njia tu.

Baada ya saa nzima Tupokigwe alikaa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ilinitisha kuliko kilio. "Kwa nini hakuja?" akamuuliza. "Mimi nilimwita."

Obed alitutazama mmoja mmoja. Alisema, "Mama, alikuwa anasubiri kuitwa. Babu yake alimwambia asirudi mpaka aitwe kwa jina. Alikuwa na aibu ya mibuni, alinisimulia mara nyingi. Tuliposikia Ndaga liko kwenye mtandao alifurahi sana. Kila Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda chumba cha intaneti. Anafungua ukurasa wa Tunatafutana, anaandika jina lake lote, anabonyeza. Inakuja: hakuna kilichopatikana. Anasema, bado hawajanisamehe. Jumapili nyingine anaandika tena."

"Hakuandika Tata?" Tupokigwe akauliza.

"Aliandika, mama. Alisema wewe humwiti vingine. Yakaja matangazo chungu nzima. Tata wa fulani amefariki, tata wa fulani anatafuta wanawe, salamu kwa tata na juba, baba na mama wa fulani. Alisoma mengi mpaka muda wake ukaisha. Wote walikuwa baba za watu. Akasema, wangekuwa wananiita kwa amri ya babu wangeniita kama babu alivyosema, kwa jina."

Ackson alisimama akaenda kwenye kompyuta. Sijui alitaka nini, labda alitumaini Obed amekosea. Akaandika jina lile kwenye sanduku lake akabonyeza. Aligeuka upande wa ukuta akafuta macho kwa kiganja.

Mimi nina hasira zangu, na siku ile nilizimwaga. Nilimwambia Tupokigwe, Mungu anisamehe, kwamba heshima gani hii inayomla mtoto, jina lina meno gani, mkwe mwenyewe yuko ardhini. Kisha akasema, "Dada Tausi, ningelitaja ili mwanangu arudi, angerudi kwenye nyumba gani, nikishaivunja heshima yake? Na mwenye jina hilo kwangu si mtoto. Ni mkwe wangu. Mwanangu anaitwa Tata." Akageuka ukutani.

Kabla ya matanga Ackson alimjia kwa unyenyekevu, akaomba ruhusa ya kuweka tanzia kwenye mtandao na jina kamili la marehemu. Hakuthubutu kufanya bila idhini yake.

"Weka, mwalimu," akajibu. "Aliyekuwa analitafuta hayupo."

Ilikuwa tanzia iliyosomwa na watu wengi kuliko habari yoyote ya Ndaga tangu lianze. Kina Mwasomola waliotawanyika waliandika jina la ukoo wao wakaipata, wakatuma rambirambi kutoka nchi ambazo mimi nazisikia redioni tu. Na walikuja. Walikuja Ikuti kutoka Kyela, Mbeya, Dar, magari yamepangana hadi barabarani kwenye matope. Maiti haikuwepo, ilikuwa imelala Durban. Kulikuwa na shati lake moja tu aliloleta Obed, wakalitandika juu ya mkeka.

Wengi wa wageni wale hawakumjua kijana wala mama yake. Walikaa kwa adabu, wanasubiri wasikie mfiwa analiaje ili wamwitikie, kwa sababu huku kwetu mtu haachwi alie peke yake. Tupokigwe alitolewa ndani, ameshikwa huku na huku. Alipoliona shati alianguka juu yake, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwenye ile sauti yake ndogo.

"Tata! Tata gwangu! Tata!"

Wanawake wakaitikia. Mmoja alianza, wa pili akafuata, kisha wote, uwanja mzima, Tata, Tata gwangu, yaani baba yangu, na kila aliyefiwa na baba yake akamkumbuka, machozi yakamtoka ya kweli kabisa. Mama mmoja wa Dar aliyekaa karibu nami aliniegemea huku analia, akaniambia kwamba tata wake alifariki mwaka jana, alikuwa baba mwema sana.